VPN Ikivuja, Nani Awajibike?

Hoja iliyo mezani ni hii: kasoro ikigunduliwa ndani ya maktaba ya usimbaji fiche, mwenye kutengeneza au kuuza VPN inayotumia maktaba hiyo awajibike kwa wateja wake kana kwamba kasoro ni yake mwenyewe.

Hoja hii si ya wataalamu peke yao, maana VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kupitishia mawasiliano kwenye intaneti, hutumiwa na watu wa kila aina. Julai 2018 Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, watu wengi walipakua VPN ili kuikwepa tozo hiyo. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kujiandikisha kabla ya mwisho wa mwezi huo. Kampuni huunganisha matawi yake kwa VPN, mhasibu aliye nyumbani huingia kwenye mifumo ya ofisi kwa VPN, na mwandishi wa habari hulinda vyanzo vyake kwa VPN. Wote hao wameahidiwa usalama, na sehemu kubwa ya usalama huo haikuandikwa na mwenye VPN. Imo ndani ya maktaba, yaani msimbo wa watu wengine ambao kazi yake ni kutengeneza funguo, kuhakiki vyeti, kusimba ujumbe na kuusimbua. OpenVPN, kwa mfano, kwa kawaida hutegemea maktaba ya OpenSSL.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu: Wakili anayeunga mkono hoja, Mhandisi wa mitandao anayeipinga, na Mwanahabari anayetumia VPN kazini kila siku. Uamuzi wangu utakuja mwishoni.

WAKILI: Nianze na tukio ambalo kila aliye katika fani hii analijua. Aprili 7, 2014 ilitangazwa kasoro ndani ya OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed. Iligunduliwa na Neel Mehta wa Google, na pia, kwa njia yao wenyewe, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Ilikuwa imeingia katika toleo la 1.0.1 lililotoka Machi 2012. Kwa hiyo ilikaa humo miaka miwili. Katika miaka hiyo kampuni za VPN ziliendelea kutangaza ulinzi imara na kupokea ada kila mwezi. Swali langu ni jepesi: mteja aliyelipa amdai nani?

MHANDISI: Wakili, kabla hatujagawa lawama tuitazame kasoro yenyewe. Itifaki ya TLS, inayolinda mawasiliano ya intaneti, ina utaratibu wa mapigo: upande mmoja hutuma ujumbe mfupi kuuliza kama mwenzake bado yuko hewani, na mwenzake huurudisha ujumbe uleule. Anayetuma hutaja na urefu wa ujumbe wake. Sasa tuseme nimetuma neno "mti", herufi tatu, halafu nikaandika kwamba urefu wake ni herufi 64,000. OpenSSL haikupima. Iliuchukua "mti" wangu, ikaendelea kunakili chochote kilichofuatia katika kumbukumbu ya seva hadi zikatimia 64,000, ikanikabidhi. Humo yanaweza kuwamo majina ya watumiaji, nywila, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Naweza kuomba tena na tena, na rekodi za kawaida za seva zisionyeshe kwamba nilipita. Tiba ilikuwa mistari michache ya msimbo: pima urefu kwanza, ukizidi kilichotumwa, utupe ujumbe. Kosa hilo liliandikwa na kupitishwa ndani ya mradi wa OpenSSL. Mwenye VPN hakuwa chumbani.

WAKILI: Mwenye basi naye hakuwa kiwandani breki zilipotengenezwa. Lakini basi likikosa breki mlimani Sekenke, hatukubali atuambie tukamtafute aliyezitengeneza. Nauli tulimlipa yeye, na yeye ndiye aliyeamua gari liko tayari kwa safari.

MHANDISI: Mwenye basi breki amezinunua, na ana mtu wa kumrudia. OpenSSL huchukuliwa bure, na leseni yake inasema wazi kwamba haina dhamana yoyote. Steve Marquess, aliyekuwa akisimamia fedha za mradi huo, alieleza kwamba kabla ya Heartbleed michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa muda wake wote ni mtu mmoja. Benki, hospitali, wauza vifaa vya mitandao na kampuni za VPN wote waliegemea mabega ya mtu huyo. Mkitaka kushtaki, mtamshtaki nani? Aliyejitolea?

WAKILI: La hasha, huyo simgusi. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Aliyepata nafuu hapa ni kampuni iliyochukua maktaba bure, ikaiuza ndani ya huduma yake, na haikurudisha hata senti kwa walioiandika. Fedha za kuikagua zilikuwepo siku zote. Aprili hiyohiyo ya 2014, Linux Foundation ilipoanzisha mpango wa Core Infrastructure Initiative, Google, Microsoft, Facebook, Amazon na wenzao walijitokeza kuchangia. Kumbe wangeweza tangu mwanzo.

MWANAHABARI: Wazee wangu, mnabishana nani alaumiwe, mimi nataka kujua kilichotokea kwa mtumiaji. Heartbleed nilikuwa naisikia kama kasoro ya tovuti. Je, VPN nazo zilivuja kweli, au ni hofu tu?

MHANDISI: Zilivuja, dada, na sitalificha hilo kwa sababu ya kutetea upande wangu. Mwanzoni kulikuwa na matumaini kwamba OpenVPN ingekuwa ngumu kushambuliwa, kwa kuwa mazungumzo yake ya TLS yamefungwa ndani ya pakiti zake za namna ya pekee. Katikati ya Aprili 2014 Fredrik Strömberg, mmoja wa waanzilishi wa Mullvad ya Sweden, alieleza kwamba amefaulu kuutoa ufunguo wa siri kutoka kwenye seva ya OpenVPN aliyoiweka kwa majaribio. Matumaini yakaishia hapo. Tena kasoro ilikata pande mbili: seva yenye nia mbaya nayo iliweza kuisoma kumbukumbu ya kompyuta ya mteja anayejiunga.

WAKILI: Ongeza na taarifa ya Mandiant.

MHANDISI: Naam. Kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza shambulio lililoanza Aprili 8, siku moja tu baada ya tangazo. Mshambuliaji hakuhangaika na ufunguo wala nywila. Aliilenga mashine ya VPN ya kampuni fulani, akaomba mapigo mfululizo mpaka akapata vitambulisho vya vikao vya wafanyakazi waliokuwa wamekwishaingia. Akavitumia vitambulisho hivyo, na mashine ikamhesabu kuwa mfanyakazi halali. Mfumo wa kugundua mashambulizi ulipiga kengele zaidi ya mara 17,000 katika tukio hilo.

MWANAHABARI: Na kama kampuni hiyo ilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, ile namba inayokuja kwenye simu?

MHANDISI: Ilikuwa nao, na ulirukwa. Hatua mbili humlinda mtu anapoingia. Mshambuliaji huyu hakuingia. Alikaa kwenye kiti cha mtu aliyekwisha kuingia.

WAKILI: Agosti mwaka huohuo Community Health Systems, kampuni yenye hospitali zaidi ya 200 nchini Marekani, ilitangaza kwamba taarifa za wagonjwa milioni 4.5 zimeibwa. Kampuni ya usalama ya TrustedSec ilieleza kwamba wezi walipata njia ya kuingia kwa kutumia Heartbleed dhidi ya kifaa cha mtandao, wakachota nywila kwenye kumbukumbu yake na kuingia nazo kupitia VPN. Majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Wagonjwa hao hawakuwahi kuisikia OpenSSL maishani mwao.

MHANDISI: Lakini tuseme ukweli wote. VPN hazikuumia sawasawa. OpenVPN ilikuwa tayari na kinga iitwayo tls-auth: kila pakiti ya mazungumzo ya mwanzo hutiwa sahihi kwa ufunguo ambao pande zote mbili zinao tangu kabla. Pakiti isiyo na sahihi hutupwa kabla haijaifikia TLS, hivyo mgeni asiye na ufunguo huo hapati hata nafasi ya kutuma pigo lake la uongo. Vilevile OpenVPN hutengeneza funguo za muda kwa kila kikao, na kwa kawaida huzibadilisha kila baada ya saa moja. Aliyeiba ufunguo mkuu wa seva leo hawezi kuutumia kufumbua mawasiliano aliyoyanasa mwezi uliopita. Waandishi wa VPN walijipanga wakijua kwamba chini yao panaweza kupasuka. Mnawaadhibu kwa nini?

WAKILI: Mhandisi, hapo umeijengea hoja yangu msingi. Kumbe aliye juu ya maktaba ana la kufanya. Anaweza kuweka ukuta mbele yake au akauacha. Aliyeweka alipunguza madhara, asiyeweka aliwaacha wateja wake wazi. Huo ni uamuzi wa mwenye VPN, na uamuzi una mwenyewe. Tena uniambie: kampuni ya VPN yenye wateja laki moja, huo ufunguo wa tls-auth inawapa kina nani?

MHANDISI: Kwa mtindo wa zamani, wateja wote walipewa mmoja.

WAKILI: Basi mshambuliaji alilipia mwezi mmoja, akapewa ufunguo, akaingia langoni kama mteja.

MHANDISI: Ni kweli, kwa huduma za kibiashara ukuta huo ulikuwa mfupi. Ndiyo maana mwaka 2020 toleo la 2.5 la OpenVPN lilileta utaratibu unaompa kila mteja ufunguo wake. Funzo lilichukua miaka, lakini lilifika. Sasa niruhusu nikupe kesi ngumu zaidi. Mei 13, 2008 watu wa Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, walitangaza kasoro iliyogunduliwa na Luciano Bello. OpenSSL ya asili haikuwa na tatizo. Mwaka 2006, katika kuifungasha kwa ajili ya Debian, msimbo uliokuwa ukisababisha maonyo katika chombo cha ukaguzi uliondolewa. Walioutoa walidhani wanasafisha. Kumbe ndio uliokuwa ukichanganya unasibu unaozalisha funguo. Kilichobaki kuutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ambayo haizidi 32,768. Kwa kila aina ya kompyuta na kila urefu wa ufunguo, funguo zote zinazowezekana mtu aliweza kuziorodhesha kwenye kompyuta ya kawaida. Funguo za OpenVPN zilitajwa katika tangazo hilo. Mwandishi wa OpenSSL hakukosea, mwandishi wa OpenVPN hakukosea. Utamshika nani, Wakili?

WAKILI: Nitamwangalia kila mmoja alifanya nini kesho yake. Ufunguo uliozaliwa dhaifu haupati nguvu kwa kusasisha maktaba, au nimekosea?

MHANDISI: Hujakosea. Na hata ukiuhamishia kwenye mashine isiyo ya Debian, unabaki dhaifu.

MWANAHABARI: Subirini hapo. Mimi nimezoea kuambiwa "sasisha programu yako, uko salama". Kumbe haitoshi?

MHANDISI: Haitoshi, dada, na hapa ndipo wasimamizi wengi wa mifumo wanapoteleza. Kazi ina mpangilio wake. Kwanza unaweka maktaba iliyotengenezwa. Pili unaizima huduma ya VPN na kuiwasha upya, kwa sababu programu inayoendelea kukimbia imeishikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, hata kama faili jipya liko kwenye diski. Tatu unazalisha funguo mpya. Nne unatoa vyeti vipya na kuvibatilisha vya zamani, la sivyo aliyeiba cheti cha jana ataendelea kujifanya seva yako. Tano unawabadilishia watumiaji nywila na kuvikata vikao vyote vilivyo hai. Ukianza na funguo kabla ya maktaba, unazitia funguo mpya kwenye chombo kilekile kinachovuja.

WAKILI: Na kwa mtumiaji wa Windows?

MHANDISI: Hapo pana mtego mwingine. OpenVPN ya Windows huja na nakala yake ya OpenSSL ndani ya kifurushi. Mtu anaweza kusasisha Windows usiku na mchana, nakala hiyo isiguswe. Mpaka mwenye VPN atoe kifurushi kipya, na mtumiaji akisakinishe. Simu ni hivyohivyo: programu nyingi za VPN hubeba maktaba tumboni mwao.

WAKILI: Basi katika siku hizo za kungoja, aliyeushika usalama wa mteja mkononi ni mwenye VPN peke yake. Mteja hana anachoweza kufanya ila kuzima.

MHANDISI: Hilo nalikubali. Ninachokataa ni sheria itakayomtaka mtu awe hakosei. Mwaka 2017 OpenVPN ilikaguliwa mara mbili, na Quarkslab na pia na timu ya Matthew Green, mtaalamu wa usimbaji fiche. Kazi nzuri, ya watu wanaojua. Juni mwaka huohuo Guido Vranken aliilisha programu hiyo data iliyovurugwa kwa makusudi, mara nyingi mno, akatoka na kasoro ambazo kaguzi hizo hazikuziona. Kasoro zitakuwepo. Sheria ikisema kila kasoro ni fidia, wadogo watafunga milango na wakubwa wataajiri mawakili. Usiniwie vibaya.

WAKILI: Sikuwii vibaya. Ila tutenganishe kasoro na uzembe. Agosti 2016 Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa walionyesha shambulio la Sweet32. OpenVPN ilikuwa bado ikitumia Blowfish kama chaguo lake la kawaida, mbinu yenye vipande vya biti 64 tu. Ukiupitishia muunganisho mmoja mamia ya gigabaiti bila kubadilisha ufunguo, vipande vinaanza kugongana, na mgongano huo ukafichua siri katika muda usiofika siku mbili. Maktaba ilikuwa na mbinu imara zaidi, AES, tayari. Ilikuwa nayo kwa miaka. Aliyeiacha Blowfish mbele alikuwa mwenye VPN. Huyo naye tumsingizie OpenSSL?

MHANDISI: Hapana. Hiyo ilikuwa yetu.

MWANAHABARI: Sasa ile VPN mpya zaidi, WireGuard? Nasikia yenyewe haina habari na OpenSSL.

MHANDISI: Haina. Jason Donenfeld aliiandika kwa mistari kama 4,000, ikaingia katika kiini cha Linux, toleo la 5.6, Machi 2020. Imechagua mbinu chache za kisasa na haitoi nafasi ya kujadiliana nyingine, kwa hiyo mambo ya Blowfish hayawezi kujirudia humo. Mtu mmoja anaweza kuusoma msimbo wote na kuuelewa. Lakini ina gharama yake: siku mojawapo ya mbinu hizo ikivunjwa, hakuna ya kubadilishia, lazima kila seva na kila simu isasishwe. Kasi ya kusasisha inarudi kuwa kila kitu.

MWANAHABARI: Nami niseme la upande wetu. Wengi wetu hatutumii OpenVPN iliyokaguliwa wala WireGuard tuliyoisanidi wenyewe. Tunapakua ya bure, ya kwanza kuonekana, hasa siku mtandao unapobanwa. Mwaka 2016 watafiti wakiwemo wa CSIRO ya Australia walizichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikusimba data hata kidogo. Huko hata hatujafika kwenye kasoro ya maktaba, maana hakuna kilichosimbwa. Nataka sheria inayonigusa mimi: niambiwe nimebeba nini, na niambiwe mapema kikiharibika.

Hapo nawashukuru wasemaji, na ninatoa uamuzi wangu.

Mhandisi ameshinda jambo moja, na ni kubwa. Mwenye VPN hawezi kudaiwa kuzaliwa kwa kasoro katika msimbo asiouandika, ambao macho ya dunia nzima yalipita juu yake miaka miwili bila kuona. Kumdai hilo ni kumtaka awe nabii.

Lakini hoja ya Wakili inasimama tangu saa ambayo tiba inatangazwa. Heartbleed ilitangazwa pamoja na toleo lililotengenezwa, 1.0.1g, siku moja. Kesho yake mshambuliaji alikuwa ndani ya VPN ya kampuni. Kuanzia tangazo hilo, kila saa inayopita bila kifurushi kipya, bila funguo mpya na bila neno kwa wateja ni deni la mwenye VPN, na hana wa kumsukumia. Ni deni lake pia kuweka ukuta mbele ya maktaba, kuacha mbinu zilizochakaa, na kuwachangia wanaoiandika maktaba inayompatia faida. Kwa masharti hayo naipitisha hoja: dhamana ianze pale ujuzi unapoanza.

Kwako msomaji, usiamini neno "salama" kwenye tangazo. Kama ofisi yako inatumia VPN, mwulize msimamizi wako wa mifumo maswali matatu: inatumia maktaba gani na toleo lipi, ilisasishwa lini mara ya mwisho, na kasoro ikitangazwa leo usiku, nani atabadilisha funguo kesho asubuhi. Kama unaitumia mwenyewe, tafuta majibu hayohayo katika taarifa za kampuni husika. Asiyeweza kuyajibu usimpe mawasiliano yako.